Tunahesabu Miche, Tunasahau Mbawakawa

Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ya Kenya ilitupa siku ya mapumziko ili twende tukapande miti. Nilienda. Nilipewa miche mitatu ukingoni mwa msitu wa Kakamega, nikachimba mashimo matatu, nikapigwa picha moja. Hatua chache kutoka nilipokuwa nachimba palilala gogo la kale, limeota uyoga, limelainika kiasi kwamba ukilikanyaga kiatu kinazama. Msimamizi wa shughuli akaamuru liondolewe ili mahali papendeze. Vijana wanne wakalisukuma, likapasuka katikati, na waliokuwa ndani wakamwagika: mabuu meupe manene kama kidole gumba, mbawakawa weusi wanaong'aa kama viatu vya askari wa gwaride, wengine wadogo kama punje za wimbi, wote wanakimbia mwanga. Mzee mmoja wa chama cha jamii cha kutunza msitu akatikisa kichwa. "Wanangu, mmebomoa nyumba za watu."

"Hao ni wadudu tu, mzee," akajibiwa, na kazi ikaendelea.

Sikuandika chochote juu ya siku ile kwa sababu hapakuwa na habari. Miti ilipandwa, hotuba zilitolewa, soda zikanywewa. Lakini jibu lile la "wadudu tu" limenikaa, na kadiri ninavyolichunguza ndivyo ninavyoona kwamba ndilo sera yetu ya misitu, imefupishwa kwa maneno mawili.

Tuanze na tarakimu, maana ndizo zinazopendwa. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ijitahidi kufikisha na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Soma vizuri: miti, si misitu. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 iligundua kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, ilhali misitu ni asilimia 8.83. Pengo hilo la katikati ni mikaratusi ya kando ya barabara, miparachichi ya nyuma ya jikoni, ua wa misaiprasi wa jirani yako. Sina ugomvi na miparachichi. Hata hiyo 8.83 nayo ina mashamba ya misonobari na mikaratusi ndani yake, miti iliyosimama mistari kama wanafunzi asubuhi ya mkutano wa bendera. Sasa lengo limepanda hadi asilimia 30 ifikapo 2032, kwa kupanda miti bilioni 15. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo panapoulizwa nani anaishi humo.

Kakamega ni mahali pazuri pa kuuliza swali hilo. Huu ndio ncha ya mashariki ya msitu mkuu wa mvua uliotanda kutoka Guinea na Kongo. Tawi la mwisho lililobaki huku Kenya. Uko kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unapata mvua ya milimita zipatazo 2,000 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo umechanganya watu wa mabondeni na watu wa milimani: mimea na wanyama wa Kongo wanakutana na wale wa nyanda za juu. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu unaolindwa mwaka 1933, miaka ileile watu walipokuwa wakimiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Ukubwa wake kwenye karatasi ni kama kilomita mraba 240. Msitu wa asili uliobaki humo ni takribani nusu tu. Upande wa kusini, kuzunguka Isecheno, uko chini ya shirika la misitu la taifa, KFS. Kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na leo iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Pembeni kuna vipande vilivyokatika kabisa kama Malava na Kisere, visiwa vya miti katikati ya miwa na mahindi.

Mgeni akifika Isecheno ataambiwa habari za ndege zaidi ya 300 na vipepeo wapatao 400. Waongozaji watalii wa pale wanajua ndege kwa sauti tu, na nawavulia kofia. Ukiuliza kuhusu mbawakawa, utaonyeshwa mmoja: Goliathus, yule jitu mweusi mwenye michirizi meupe kifuani, anayeweza kufikia urefu wa sentimita 10 au 11 na ambaye buu lake linaweza kuwa na uzito wa gramu 100. Tulipokuwa watoto tulimfunga uzi mguuni tukamrusha kama ndege ya kuchezea, sauti yake vuuu, mpaka mama akatufokea. Baadaye nikaja kujua kwamba huko ng'ambo kuna watu wanaomnunua kwa fedha nzuri, amekaushwa na kubandikwa pini. Yeye anajulikana kwa ukubwa wake. Maelfu ya jamaa zake hawana mtangazaji.

Mbawakawa, au mbawakavu kama wengine wanavyosema. Jina zuri, na aliyelitunga alikuwa ametazama kwa makini. Mdudu huyu ana mbawa nne, lakini zile mbili za mbele zimekauka zikawa magamba, na za kurukia zimekunjwa chini yake kama mwavuli mfukoni. Hiyo ndiyo siri yake yote. Nzi na kipepeo hawawezi kujipenyeza chini ya gome la mti bila kuchana mbawa. Huyu anapenya, anachimba, anazama kwenye kinyesi, anaingia ndani ya uyoga, anapita chini ya jiwe, na akitoka bado anaruka. Wamekuwapo tangu kabla ya dinosaria. Spishi zao zilizopewa majina ya kisayansi ni karibu 400,000, yaani kati ya kila wanyama wanne wenye jina duniani, mmoja ni mbawakawa. Kimulimuli anayemetameta usiku ni mbawakawa. Wale wadogo wekundu wenye madoa wanaokula vidukari kwenye sukumawiki, mbawakawa. Hata yule "Nairobi flai" aliyetuunguza ngozi wakati wa El Niño ya 1997/98 si nzi hata kidogo. Ni mbawakawa mwenye magamba mafupi, na akikutua shingoni mpulize tu, usimponde, kwa sababu sumu iko ndani ya mwili wake.

Sasa, utawahesabuje viumbe wanaokaa kileleni mwa mti wa mita 30? Hapa historia inapita Nakuru. Mwaka 1982 Mmarekani Terry Erwin alieleza matokeo ya kufukiza miti 19 ya aina moja tu huko Panama: unapuliza moshi wa dawa usiku au alfajiri wakati hakuna upepo, unatandika vitambaa chini, unasubiri. Alipata mbawakawa wa spishi zaidi ya 1,100. Kutokana na hapo akapiga hesabu kwamba wadudu na jamaa zao katika nchi za joto wanaweza kufika spishi milioni 30, hesabu ambayo wenzake wamekuwa wakiipunguza tangu hapo, lakini hakuna aliyeweza kuishusha hadi pale watu walipodhani kabla yake. Dawa inayopendwa kwa kazi hii ni ya pareto, kwa sababu huangusha wadudu haraka kisha huyeyuka juani bila kubaki mtini. Pareto yenyewe, kwa miongo mingi ya karne iliyopita, ilitoka zaidi Kenya: maua yamechumwa Molo na Kinangop, yakasindikwa Nakuru. Wakulima wetu walitoa moshi uliowafungua macho wataalamu wa dunia, na wao wenyewe wakabaki na malipo yaliyochelewa. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Katika msitu wa Budongo, magharibi ya Uganda, ambao ni ndugu wa damu wa Kakamega, Mjerumani Thomas Wagner alifukiza miti 64 katika miaka ya 1990. Alipata mbawakawa karibu 30,000 wa spishi zaidi ya 1,400. Kinachonishtua si 1,400. Ni kwamba karibu mbili kwa tano ya spishi hizo zilionekana mara moja tu: mdudu mmoja, kutoka mti mmoja, basi. Fikiria umesimama lango la stendi ya Kisumu siku nzima unaandika majina ya abiria, na karibu nusu ya koo unazoandika zina mtu mmoja mmoja. Ungejua kwamba mji una watu wengi usiowaona. Ndiyo hali ya msitu wa mvua: wengi wa wakazi wake ni adimu, na adimu ndiye anayepotea kwanza bila mtu kupiga kamsa.

Narudi kwenye gogo, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Sheria tuliyozoea kuzunguka misitu hii ni rahisi na inaonekana ya haki: usikate mti mbichi, lakini kwa kulipia kibali unaweza kuokota kuni kavu. Msimamizi wa msitu anaona amelinda msitu, mama anaona amepata moto wa kupikia, na kila mtu anaenda zake akiamini kwamba mti uliokufa hauna kazi. Kwa mbawakawa mambo ni kinyume kabisa. Mti mbichi umejilinda kwa utomvu na sumu. Wachache ndio wanaoweza kuula. Ukifa, mlango unafunguliwa. Kwanza wanaingia wale wa gome, wanachora njia zao kama ramani. Wanafuata wenye pembe ndefu, ambao mabuu yao hutafuna mbao kwa mwaka au zaidi. Nyuma yao kuvu, na nyuma ya kuvu mbawakawa wanaokula kuvu, na nyuma yao wawindaji wanaowala hao. Gogo likishaoza kabisa likawa unga mwekundu, wanakuja wengine ambao hawangegusa gogo jipya. Kila hatua ina wenyeji wake. Katika misitu ya Ulaya ya kaskazini, ambako jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya spishi zote za msitu zinategemea miti iliyokufa. Wasweden waliligundua wakiwa wamechelewa, wamekwisha kusafisha misitu yao ikawa kama sebule. Siku hizi wakivuna miti huacha visiki virefu kwa makusudi ili wadudu wapate pa kukaa. Sisi tuko katika hatua ya kupendezesha sebule.

Najua ninakanyaga wapi. Kaunti ya Vihiga ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita mraba, na Kaunti ya Kakamega zaidi ya 600. Hii ni mashambani, si mtaa wa mabanda mjini. Kumwambia mama wa Shinyalu asiokote kuni kwa ajili ya mdudu ni kejeli. Nimekula ugali uliopikwa kwa kuni hizo na nitaula tena. Ila tazama vizuri nani anabeba nini. Mama mwenye mzigo kichwani habebi gogo. Anabeba matawi ya unene wa mkono, yanayofungika kwa kamba. Gogo nene linahitaji msumeno, wanaume wawili, na pikipiki au mkokoteni, nalo haliendi jikoni kwake. Linaenda kwenye tanuri la matofali au shimo la makaa. Kibali kimoja kinawafunika wote wawili kana kwamba ni kitu kimoja. Tungeweza kesho asubuhi kuandika kanuni kwamba chochote kinene kupita paja la mtu mzima kinabaki kinapoangukia ndani ya msitu wa asili, na mama asingepoteza hata kijinga kimoja. Atakayelalamika ni mwenye tanuri.

Kwa upande wa mashamba ya miti ya kigeni, sitasema mengi. Mbawakawa wanaokula majani mara nyingi wamefunga ndoa na mimea fulani. Wameishi nayo muda mrefu hadi wakazoea sumu yake. Ukiwaletea mkaratusi kutoka Australia, kwao ni kama kumletea samaki wa Dunga mtu asiyekula samaki. Kivuli kipo, chakula hakipo. Mkaratusi una faida yake, unajenga na kuwaka, na ukipandwa kwa wingi shambani huenda ukapunguza watu msituni. Lakini tusiuhesabu kama msitu, na tusishangae tukitembea chini yake tukasikia kimya.

Sasa jambo la kinyesi, ambalo wahariri hupenda kulikata.

Kima na mbega wa Kakamega wanakula matunda ya mikuyu na miti mingine, wanatembea, wanajisaidia. Mbegu zinaanguka ndani ya kinyesi. Zikikaa juu ya ardhi, panya watazila kabla ya jioni. Lakini mbawakawa wa kinyesi hufika kwa dakika, wakiongozwa na harufu. Wako wanaoviringisha donge na kwenda nalo mbali, wako wanaochimba shimo palepale na kulishusha, na wako wavivu wanaokaa ndani ya lundo lenyewe. Wanataka kinyesi cha kulishia watoto wao. Mbegu zinazikwa kwa bahati, kwenye kina ambacho panya hafiki na chipukizi bado linaweza kutoka. Wengine wanapata sifa kwa kupanda miti huku wamebeba jembe na kipaza sauti. Hawa wanapanda kila usiku na hawajawahi kutangaziwa siku ya mapumziko.

Hesabu yake ina undani. Mbegu kubwa huzikwa na mbawakawa wakubwa, wadogo wanaiacha. Na wakubwa ndio wanaotoweka kwanza msitu ukikatwa vipande, kwa kuwa wanahitaji kinyesi kingi na kivuli kizito. Kwa hiyo kipande kama Malava kinaweza kuonekana kizuri kwenye picha ya setilaiti, kijani kibichi, miti mikubwa imesimama, lakini miti hiyo ni wazee wasio na wajukuu. Setilaiti haioni hilo hadi wazee waanguke. Mbawakawa angekuambia miaka 50 mapema.

Ng'ombe nao wamo katika hadithi hii. Wenyeji wa Isukha na Idakho wanawapenda fahali wao wa kupigana kuliko magari, na ng'ombe wengi hulishwa kwenye nyasi zilizo wazi ndani ya msitu. Tunawapa dawa za minyoo, na baadhi yake, hasa zile za ivermectin, hutoka na kinyesi zikiwa bado na nguvu ya kuua mabuu yaliyomo. Daktari wa mifugo anajua. Duka la dawa za mifugo halisemi. Mkulima angeweza kuwafungia zizini siku chache baada ya kuwapa dawa, na hiyo isingemgharimu ila majani.

Kama unadhani haya ni ya mapenzi ya wanyama tu, uliza Waaustralia. Walipeleka ng'ombe katika bara ambalo mbawakawa wake walizoea mavi makavu ya kangaruu. Mavi ya ng'ombe yakabaki juu ya ardhi, malisho yakaharibika, nzi wakawa janga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya mpango ulioanzishwa na George Bornemissza, serikali yao ililipa wataalamu kuja Afrika kutafuta mbawakawa wa kinyesi, kuwazalisha na kuwasafirisha. Malaysia nayo: michikichi yake ilikuwa ikizaa vibaya na watu wakilipwa kuichavusha kwa mkono, hadi mwaka 1981 walipoletewa fukusi mdogo kutoka Cameroon, ambaye alifanya kazi hiyo bure. Nchi hizo zilijua bei ya mbawakawa siku zilipomkosa.

Msomaji wa Kisumu ataniambia kwamba fukusi anayemjua ni yule anayemlia mahindi ghalani, na yule mwingine mbaya zaidi aliyetoka Amerika ambaye wakulima wamempa jina la Osama. Kweli kabisa; nao ni mbawakawa. Lakini yeye pia anaishi kando ya ziwa lililookolewa na fukusi. Gugumaji lilipoziba ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, meli zikakwama na wavuvi wakalala njaa, fukusi wa spishi mbili kutoka Amerika Kusini, kwao gugumaji lenyewe, walizalishwa na kuachiliwa ziwani kuanzia 1997. Baada ya miaka michache gugu lilipungua sana. Wataalamu wamebishana kama sifa ni za fukusi au za mawimbi na mawingu ya El Niño, nami naona ni za wote wawili. Gugu limerudi mara kadhaa tangu hapo, kwa sababu tunaendelea kulilisha kwa majitaka na mbolea inayoletwa na mito. Fukusi hawezi kula haraka kuliko sisi tunavyomwaga.

Panda juu sasa. Toka Kakamega, pita Nandi, angalia Cherangani, kisha Elgon yenyewe, mita 4,321. Kadiri unavyopanda, idadi ya spishi inapungua, lakini zinageuka kuwa za pale tu. Mbawakawa wengi wanaowinda juu ya ardhi kwenye milima mirefu wameacha kuruka. Mbawa za ndani zimenyauka, na magamba ya juu mengine yameshikana kabisa. Penye baridi na upepo, kuruka ni gharama, na anayepeperushwa kutoka mlimani harudi. Kwa hiyo kila mlima umebaki na ukoo wake, umejitenga na mlima wa pili kama visiwa viwili vya Ziwa Victoria visivyo na mtumbwi. Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walipita milima hii mwaka 1911 na 1912 wakikusanya wadudu hawa, na mengi ya majina tunayotumia hadi leo yalitolewa Paris kutokana na safari zile.

Mdudu asiyeruka ana jibu moja joto likizidi: kupanda. Mlima una mwisho. Na wa chini hawezi hata kuanza safari, kwa sababu ukanda wa msitu kati ya Kakamega na Nandi, uliokuwa umeungana karne moja iliyopita, leo ni mashamba, na mahali pengine ni mikanda ya chai iliyopandwa tangu 1986 ili kuwazuia watu wasiingie msituni. Chai imezuia watu kiasi. Imezuia mbawakawa kabisa. Nikitazama kutoka barabara ya Kapsabet naona kijani kisichokatika na moyo unafurahi. Kisha nakumbuka kwamba kijani kile, kwa mdudu wa kivuli na unyevu, ni jangwa lililofyekwa vizuri.

Kuna mtu ataona natetea elimu ya wazungu wa nyavu na chupa. Elimu yetu wenyewe ya wadudu si haba. Kumbikumbi, Waluo wanamjua kama ngwen, Waluhya kama tsiswa, na bibi yangu aliweza kutazama kichuguu akakwambia kumbikumbi watatoka usiku au mchana, baada ya mvua gani. Alijua kwa sababu walikuwa chakula. Mbawakawa hawakuliwa sana kwetu, basi hawakupewa majina mengi, na kisicho na jina ni rahisi kukisukuma kwa mguu. Kati ya 2001 na 2010 mradi mkubwa wa Wajerumani uitwao BIOTA ulichunguza Kakamega kwa undani ambao msitu mwingine wowote nchini haujaupata. Wanafunzi wa Kikenya walisomea humo, na maarifa mengi yalipatikana. Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa imani kwamba Mwafrika anapaswa kuwachunguza wadudu wake mwenyewe, ina kituo Mbita, si mbali na hapa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, msitu uko karibu kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kwenda kwa boda boda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Hatukosi watu.

Tunachokosa ni mtu kulipwa kuhesabu mwaka hadi mwaka. Costa Rica, kuanzia 1989, iliwachukua wanakijiji wasio na shahada, ikawafundisha kutega, kubandika pini na kupanga wadudu, ikawaajiri. Walifanya kazi ya ajabu. Taasisi iliyowaajiri baadaye ilikosa fedha na mwaka 2015 makusanyo yake yakachukuliwa na serikali, jambo ambalo nalitaja ili tusidanganyane kwamba ni rahisi. Lakini mtego wa mbawakawa wa kinyesi ni kopo la plastiki lililofukiwa hadi ukingo, maji yenye sabuni kidogo, na chambo ambacho hakinunuliwi popote. Makopo 20 Isecheno, 20 Buyangu, 20 Malava, 20 kwenye shamba la misonobari, mara nne kwa mwaka. Waongozaji wanaotambua ndege 300 kwa sauti hawatashindwa kutenganisha mbawakawa 60 kwa macho. Gharama yake ya mwaka mzima haifiki mahema na vipaza sauti vya siku moja ya kupanda miti.

Ripoti ya KFS ingekuwa na safu mbili: hekta, na mbawakawa. Safu ya kwanza ikipanda huku ya pili ikishuka, tungejua tunapanda nini.

Mwaka jana nilipita tena pale. Kati ya miche yangu mitatu niliupata mmoja, umefika kiunoni. Lile gogo halikuwapo, vipande vyote viwili. Mwanamke aliyekuwa akikata nyasi karibu na hapo aliniambia lilichukuliwa wiki ileile, kwa pikipiki, kuelekea kwenye matanuri.